Amri ya Kulala na Amri ya Kuinuka: Historia ya Mazoezi Tiba kwa Wenye Saratani, Ikitazamwa kutoka Mkoa wa Katavi

Mazoezi tiba ni mienendo ya mwili inayopangwa na mtaalamu kwa ajili ya mgonjwa fulani, ikapewa kipimo kama dawa inavyopewa kipimo, yaani aina ya zoezi, ugumu wake, muda wake na idadi ya siku zake katika wiki, kisha ikafanywa chini ya usimamizi ili kipimo hicho kiongezwe, kipunguzwe au kisitishwe kadiri hali ya mgonjwa inavyobadilika. Kwa watu wanaoishi na saratani, tiba hii haikuja kuchukua nafasi ya upasuaji, ya mionzi wala ya tibakemikali, yaani dawa kali zinazoua seli za saratani. Ilikuja kuusaidia mwili uzistahimili tiba hizo na kuurudishia nguvu zinazopotea wakati wa kutibiwa. Historia yake ni fupi kuliko historia ya ugonjwa wenyewe, kwa sababu kwa sehemu kubwa ya karne ya 20 mgonjwa wa saratani aliamriwa kulala, na amri ya kuinuka ilichelewa hadi miaka ya 1980. Hapa historia hiyo inafuatwa sambamba na ile ya Mpanda na Mkoa wa Katavi, mahali palipo mbali na kila mashine ya mionzi nchini, ambapo thamani ya tiba isiyohitaji mashine hupimika vizuri zaidi.

Mizizi ya tiba ya viungo

Wazo la kuutumia mwendo kama dawa lilipata chuo chake mwaka 1813, pale Pehr Henrik Ling alipoanzisha huko Stockholm, Uswidi, taasisi ya mazoezi ya viungo ambayo wahitimu wake walifundishwa kunyoosha, kukanda na kuimarisha viungo vilivyolegea. Mwaka 1894 kikundi kidogo cha wauguzi wa London kiliunda chama cha wakandaji waliosomea kazi hiyo, ambacho baadaye kilikua kikawa chama cha wataalamu wa fiziotherapia wa Uingereza. Vita Kuu ya Kwanza, iliyojaza hospitali za Ulaya na Marekani majeruhi waliokatwa viungo, na milipuko ya polio iliyofuata, iliifanya kazi hiyo kuwa taaluma kamili. Lakini wagonjwa walioijenga taaluma hiyo walikuwa askari na watoto waliopooza, wala mwenye saratani hakuhesabiwa miongoni mwao.

Katika miaka hiyohiyo ya mwisho ya karne ya 19, eneo ambalo leo ni Katavi lilipata tabibu aliyesomea tiba ya Kizungu. Kituo cha Karema, kwenye ufuko wa Ziwa Tanganyika, kilianzishwa mwaka 1879 na jumuiya iliyokuwa chini ya Mfalme Leopold II wa Ubelgiji, na mwaka 1885 kikakabidhiwa kwa Wamisionari wa Afrika, maarufu kwa jina la Mapadri Weupe. Hapo ndipo alipofika, mwaka 1889, Adrian Atiman, Mwafrika aliyezaliwa karibu na Timbuktu, akatekwa utumwani akiwa mtoto, akakombolewa na wamisionari hao na kusomeshwa utabibu Malta. Atiman alioa katika ukoo wa kitemi wa Wabende, akafanya kazi ya utabibu na ukatekista hukohuko Karema hadi alipofariki mwaka 1956, na kwa zaidi ya miaka 60 aliyaunganisha mafunzo ya Malta na dawa za miti alizojifunza kwa wenyeji. Kwa historia inayosimuliwa hapa, jambo kubwa kwake ni kwamba aliishi na wagonjwa wake, hivyo aliweza kuwaona leo, kesho na mwaka uliofuata. Usimamizi wa namna hiyo, unaotegemea ukaribu kuliko vifaa, ndio ambao tiba ya mazoezi ingekuja kuuhitaji.

Zama za kupumzishwa

Mwishoni mwa karne ya 19 daktari wa upasuaji wa Marekani, William Halsted, alieneza upasuaji wa saratani ya titi uliotoa titi lote pamoja na misuli ya kifua na tezi za kwapani, upasuaji uliotawala kwa zaidi ya nusu karne. Tezi hizo, ambazo Waswahili wengi huzitambua zinapovimba na kuitwa mitoki, huchuja maji meupe ya mwili yaitwayo limfu. Zikiondolewa au zikiunguzwa na mionzi, limfu hukosa njia, na mkono huvimba kwa namna inayofanana na matende. Bega nalo hukakamaa, mgonjwa akashindwa kufunga kanga au kujitwisha ndoo. Kwa kuhofia uvimbe huo, madaktari wengi waliwazuia wanawake waliopasuliwa kubeba kitu au kuutumikisha mkono wa upande huo, na zuio hilo likarithiwa kizazi baada ya kizazi bila kupimwa.

Dalili za kwanza za shaka zilianzia nje ya saratani. Mwaka 1947 daktari Mwingereza Richard Asher aliandika makala yaliyoorodhesha madhara ya kumlaza mgonjwa kitandani muda mrefu, kuanzia damu kuganda miguuni hadi misuli kunyauka na mifupa kupoteza madini. Mwaka uliofuata, 1948, Arnold Kegel wa Marekani alichapisha mazoezi ya misuli ya sakafu ya nyonga, yaani ile inayoshikilia kibofu, kizazi na njia ya haja kubwa, akiwalenga wanawake ambao misuli hiyo ililegea baada ya kujifungua. Miongo kadhaa baadaye mazoezi hayo yangewafaa pia waliotibiwa saratani ya mlango wa kizazi na ya tezi dume. Kisha mwaka 1952 Terese Lasser, mwanamke wa Marekani aliyekuwa ameondolewa titi, alianzisha mpango wa kuwatembelea wanawake wenzake hospitalini na kuwaonyesha jinsi ya kuunyanyua mkono ukutani hatua kwa hatua. Mpango huo ulipingwa na baadhi ya madaktari walioona kwamba mgonjwa hana mamlaka ya kumfundisha mgonjwa, lakini mwaka 1969 ulipokelewa rasmi na jumuiya ya saratani ya nchi hiyo, na hivyo mkono wa aliyepasuliwa ukawa kiungo cha kwanza kutolewa katika amri ya kulala.

Saratani na tiba ya viungo Afrika Mashariki

Katika Afrika Mashariki ya wakati huo, hata swali la nani anaugua saratani gani lilikuwa bado halijajibiwa. Mwaka 1958 Denis Burkitt, daktari wa upasuaji katika Hospitali ya Mulago, Kampala, alieleza uvimbe wa taya uliokuwa ukiwaua watoto, na mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walisafiri kwa gari zaidi ya kilomita 16,000 katika nchi za mashariki na kusini mwa bara hili, wakiingia hospitali moja baada ya nyingine, nyingi zikiwa za misheni, ili kuchora ramani ya ugonjwa huo. Safari hiyo ilithibitisha kwamba kumbukumbu za hospitali ndogo za mikoani zinaweza kubadili elimu ya saratani ya dunia nzima. Mwaka 1967 ilifuatiwa na kuanzishwa kwa Taasisi ya Saratani ya Uganda.

Tanzania ilifuata njia yake. Hospitali ya Ocean Road, iliyojengwa na Wajerumani pembeni mwa bahari jijini Dar es Salaam mwishoni mwa karne ya 19, ndiyo iliyokuja kuwa makao ya tiba ya saratani nchini, na mwaka 1996 ikafanywa taasisi inayojitegemea kwa sheria ya Bunge. Kwa miaka mingi ilikuwa mahali pekee penye mionzi kwa nchi nzima, hadi Hospitali ya Bugando ya Mwanza ilipoanza huduma hiyo katika miaka ya 2010; KCMC ya Moshi nayo ilifungua kituo chake cha saratani mwaka 2016. Kwa upande wa tiba ya viungo, KCMC yenyewe, iliyofunguliwa mwaka 1971, ndiko chuo cha fiziotherapia kilikoanzia katika mwongo huohuo, na wahitimu wake wakatawanyika katika hospitali za mikoa na za misheni. Kazi waliyoikuta ilikuwa ya mifupa iliyovunjika, ya watoto wenye polio na mtindio wa ubongo, ya waliopatwa na kiharusi na ya wenye ukoma. Saratani ilikuwa Ocean Road, fiziotherapia ilikuwa mikoani, na njia mbili hizo zilikutana kwa nadra.

Hata hivyo, ujuzi mmoja unaokaribiana nazo ulienea nchini kupitia mlango mwingine. Mpango wa taifa wa kutokomeza matende, ulioanza kugawa dawa mwaka 2000, uliambatana na mafunzo ya kumtunza aliyekwisha kuvimba: kuuosha mguu na kuukausha, kuuinua anapoketi au kulala, na kukichezesha kifundo ili misuli iisukume limfu kurudi juu. Mhudumu wa afya aliyejifunza hayo alikuwa tayari ameshika kanuni ileile inayotumika kwa mkono wa mwanamke aliyeondolewa tezi za kwapani, ingawa hakuna aliyemwambia kwamba ni elimu moja.

Ushahidi unavyogeuza amri

Kugeuka kwa amri kulianza katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio, Marekani, ambako wauguzi watafiti Mary MacVicar na Maryl Winningham waliwapandisha wagonjwa wa saratani ya titi kwenye baiskeli isiyotembea wakati walipokuwa bado wanapata tibakemikali. Matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 1989, yaliwahusu wanawake 45; waliofanya mazoezi mara 3 kwa wiki kwa wiki 10, wakisimamiwa, waliongeza uwezo wa mwili wa kutumia hewa ya oksijeni kwa takribani asilimia 40. Utafiti ulikuwa mdogo, lakini ulivunja dhana kwamba uchovu wa saratani hutibiwa kwa kulala. Uchovu huo si sawa na wa mtu aliyetoka shambani, kwa kuwa hauishi kwa usingizi. Na mgonjwa anayelala kwa sababu ya uchovu hupoteza misuli, akipoteza misuli huchoka upesi zaidi, na akichoka upesi hulala tena.

Mwaka 1996 daktari Don McKenzie wa Vancouver, Kanada, aliwaingiza wanawake 24 waliowahi kutibiwa saratani ya titi katika kikosi cha kupiga makasia, kazi inayoutumikisha mkono kuliko nyingine nyingi, na uvimbe uliohofiwa haukutokea. Mwaka 2009 kikundi cha mtafiti Kathryn Schmitz kilichapisha matokeo ya wanawake 141 waliokuwa tayari wamevimba mkono. Walionyanyua vyuma mara 2 kwa wiki, wakianza na uzito mdogo na kuuongeza polepole chini ya mafunzo, hawakuvimba zaidi ya wasionyanyua, na uvimbe wao ulichachamaa mara chache zaidi. Kwa matokeo hayo, zuio la zaidi ya nusu karne liliporomoka.

Miongozo ilifuata ushahidi. Mwaka 2010 chuo cha tiba ya michezo cha Marekani kilitoa tamko la kwanza la wataalamu lililomtaka mwenye saratani aepuke kukaa bure, na mwaka 2019 tamko la pili likataja kipimo: dakika 30 za mazoezi ya pumzi, kama kutembea kwa haraka, mara 3 kwa wiki, pamoja na mazoezi ya nguvu mara 2 kwa wiki, kwa muda usiopungua wiki 8 hadi 12, likiongeza kwamba mazoezi yanayosimamiwa yanaonekana kuleta manufaa makubwa kuliko yale mgonjwa anayoachiwa afanye peke yake. Mwaka 2018 chama cha wataalamu wa saratani cha Australia kilikuwa tayari kimetangaza kwamba mazoezi yawe sehemu ya kawaida ya matibabu. Swali lililobaki lilikuwa zito kuliko yote, nalo ni iwapo mazoezi yanaongeza miaka ya kuishi. Jibu la kwanza thabiti lilikuja mwaka 2025, kutoka kwa utafiti uliowafuatilia watu 889 waliotibiwa saratani ya utumbo mpana, wengi wao Kanada na Australia. Waliopewa msimamizi wa mazoezi kwa miaka 3 baada ya tibakemikali walilinganishwa na waliopewa vitabu vya ushauri tu. Baada ya miaka 5 asilimia 80.3 ya kundi la kwanza walikuwa hai bila ugonjwa kurudi, dhidi ya asilimia 73.9 ya kundi la pili, na baada ya miaka 8 waliokuwa hai walikuwa asilimia 90.3 dhidi ya 83.2. Tofauti ya makundi hayo haikuwa elimu, kwa maana wote waliambiwa faida ya mazoezi. Tofauti ilikuwa mtu wa kuwasimamia.

Umbali wa Katavi

Mji wa Mpanda ulikua kwa sababu ya madini. Risasi, fedha na dhahabu zilizogunduliwa katika miaka ya 1930 ziliifanya serikali ya kikoloni kujenga, mwishoni mwa miaka ya 1940, tawi la reli la takribani kilomita 210 kutoka Kaliua, ambalo liliendelea kuwabeba watu na mizigo hata baada ya mgodi kufungwa mwaka 1960. Wakimbizi wa Burundi wa mwaka 1972 walipewa makazi Katumba na Mishamo, na wengi wao baadaye wakapewa uraia. Wafugaji na wakulima kutoka Usukuma nao wakahamia, wakaungana na Wapimbwe, Wakonongo, Wabende na Wafipa. Mwaka 2012 Katavi ilimegwa kutoka Rukwa ikawa mkoa, makao makuu yakiwa Mpanda, na sensa ya mwaka huo ilihesabu watu 564,604. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 1,152,958, yaani mkoa ulizidi maradufu katika miaka 10.

Mkoa huo mpya ulirithi umbali wa zamani. Mgonjwa anayegunduliwa na uvimbe Karema, Inyonga au Usevya hupitia zahanati, kituo cha afya na Hospitali ya Rufaa ya Mkoa iliyoko Mpanda, kisha huelekezwa hospitali ya kanda jijini Mbeya, na akihitaji mionzi hupelekwa Mwanza au Dar es Salaam, safari ambayo kwa Dar es Salaam huvuka kilomita 1,000. Barabara za lami zimeipunguza adha, na reli bado ipo, lakini mionzi hutolewa kwa vipande vidogo vya kila siku kwa wiki kadhaa, hivyo mgonjwa hulazimika kuhamia mjini pamoja na ndugu wa kumuuguza. Anaporudi, mashine hubaki kulekule, na yeye huendelea na mwili uliopungua misuli, mguu au mkono unaoanza kuvimba, na hofu kwamba akijitikisa ugonjwa utaamka.

Hapo ndipo tiba ya mazoezi inapotofautiana na tiba nyingine zote za saratani. Mashine ya mionzi huhitaji jengo la kuta nene, umeme usiokatika na mwanafizikia. Mazoezi huhitaji kiti imara, ukuta, mfuko wa mchanga au chupa ya maji, na mtu anayejua anachokitazama. Kwa mpangilio wa huduma nchini, hospitali ya rufaa ya mkoa ndiyo ngazi inayotarajiwa kuwa na mtaalamu wa fiziotherapia, kwa hiyo sehemu hii ya tiba inaweza kukamilishwa Mpanda kwenyewe.

Kazi ya jembe na zoezi lenye kipimo

Hoja inayosikika mara nyingi ni kwamba mtu wa Katavi hahitaji kufundishwa mazoezi, kwa kuwa hulima mpunga, mahindi na tumbaku, huvuta nyavu, hutwanga na huchota maji. Hoja hiyo inachanganya kazi na tiba. Kazi ya shamba hufuata msimu wala si hali ya mwili; masika humkuta mgonjwa siku chache baada ya tibakemikali, wakati mwili uko chini, nayo humtaka ainame na jembe kwa saa sita. Zoezi lenye kipimo hufanya kinyume: huanza chini ya uwezo wake, hupanda kidogokidogo, na hushuka siku ambayo damu imepungua.

Usimamizi huanza kwa maswali na vipimo. Mtaalamu huuliza kuhusu maumivu ya mifupa, kwa kuwa saratani iliyohamia kwenye uti wa mgongo au paja inaweza kuuvunja mfupa kwa zoezi la kuinama au kuruka. Huangalia wingi wa damu na wa chembe sahani, yaani zile zinazogandisha damu, kwa kuwa zikipungua sana michubuko huwa hatari. Na huahirisha zoezi lote mgonjwa akiwa na homa. Katika Katavi maswali hayo yana uzito wa pekee, kwa maana upungufu wa damu unaweza kutoka kwenye saratani ya mlango wa kizazi inayovuja, kwenye tibakemikali au kwenye malaria, na homa ambayo jirani angeitibu kwa dawa ya malaria inaweza kuwa ya maambukizi yanayoua kwa saa chache mtu ambaye kinga yake imeshuka. Kisha hupimwa umbali ambao mgonjwa anaweza kutembea kwa dakika 6 na mara ngapi anaweza kuinuka kitini bila kushika popote. Wakati wa zoezi hutumika kipimo kilichobuniwa na Gunnar Borg wa Uswidi, kinachomtaka mgonjwa mwenyewe ataje namba ya ugumu anaousikia, na kwa asiyezoea namba hutosha kanuni ya maneno: anayeweza kuongea lakini hawezi kuimba yuko katika kiwango kinachofaa.

Usimamizi huo si lazima uwe wa kila siku uso kwa uso. Mtaalamu wa Mpanda anaweza kupanga kipimo mgonjwa anapohudhuria kliniki, mhudumu wa afya ngazi ya jamii akakifuatilia kijijini kwa kutazama mambo machache aliyofundishwa, na simu ikaunganisha wawili hao pale mkono unapovimba au pumzi inapobana. Kwa mgonjwa ambaye ugonjwa hauponi tena, mpango huohuo hubadili lengo. Kipimo kinakuwa kuweza kuketi, kujigeuza kitandani na kwenda msalani kwa miguu yake, na hiyo nayo ni tiba kamili.

Mkakati wa taifa wa kudhibiti saratani wa miaka 2013 hadi 2022 ulianza mwaka mmoja baada ya Mkoa wa Katavi, na muongo huo umeacha barabara na hospitali ya mkoa ambazo kizazi cha Atiman hakikuziona. Kilichobaki ni kidogo kwa gharama na kikubwa kwa matokeo: kila karatasi anayopewa mgonjwa anaporuhusiwa kurudi Katavi kutoka Dar es Salaam, Mwanza au Mbeya, pamoja na majina ya dawa na tarehe ya kurudi kliniki, iandikwe pia zoezi gani, kwa dakika ngapi, mara ngapi kwa wiki, na ni nani Mpanda atakayelisimamia. Bila mstari huo, mgonjwa atakayefika nyumbani atatii amri anayoijua, nayo ni ya kulala.